Maswali mnayoniuliza kuhusu vitabu, Dodoma, nyota na mengineyo

Naandika hadithi za kisayansi, na maswali yananifuata kanisani, Soko la Majengo, kwenye daladala na kwenye simu usiku wa manane. Mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Sikuyapanga kwa umuhimu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu nayapenda, na mengine kwa kifupi kwa sababu hiyo hiyo iliyogeuzwa.

Shikamoo Mwalimu. Wewe ni mwenyeji wa Dodoma au ulihamia na Serikali?

Marahaba. Nimezaliwa hapa hapa. Mama yangu ni Mgogo wa Mpwapwa, baba alitokea Kigoma, akaletwa na kazi ya reli, akashuka na sanduku la bati na hakupanda tena. Sikuhamia na Serikali. Serikali ndiyo imenikuta, na bei za viwanja zikapanda. Nilifundisha fizikia sekondari hadi nikastaafu, ndiyo maana mnaniita Mwalimu, na ndiyo maana wahusika wangu wanapiga hesabu hata wakiwa wanakimbizwa. Familia ninayo. Majina yao yabaki nyumbani.

Wanawake wengi wanaandika mapenzi na maisha ya ndoa. Wewe sayansi imekujaje?

Mapenzi yamo. Rudi kwenye kile kitabu cha reli, pale fundi mitambo anapokataa kushuka Kilosa, halafu uje uniambie hayo si mapenzi.

Kwa nini kila kitu kinatokea Dodoma? Hadithi za kisayansi si zinakuwa Mirihi au Marekani?

Mirihi imo kwenye kitabu cha pili, ila waliokwenda wametoka Chamwino na wamebeba unga wa uwele. Lakini umeuliza jambo ninalopenda kulisemea, kwa hiyo vuta kiti.

Dodoma ni mji uliofikiriwa kwanza, ukajengwa baadaye. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huku kutoka Dar es Salaam, na mwaka huo huo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Ukiusoma leo unashangaa. Hawakuchora mji wa majengo ya kutisha wageni. Walichora mitaa iliyotawanyika kati ya vilima, watu watembee kwa miguu na baiskeli, mabasi yawe na njia zake yenyewe. Mabasi yenye njia zake! Dar ilikuja kuyapata wakati wajukuu wa waliochora wameshaoa.

Sisi tulikulia ndani ya mchoro huo. Ungekuta bikoni ya zege katikati ya pori la mikwata, imeandikwa namba, na mbuzi wamelala kivulini pembeni yake. Mwenye kujua kusoma ramani angekuonyesha: hapa ni ofisi, pale ni bustani, wewe umesimama barabarani. Ulikuwa umesimama kwenye miiba. Bunge lilikuja, wizara nyingi zikabaki pwani, na miaka ikakatika. Amri ya kuhama kweli kweli ilitoka 2016. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikaenda halmashauri. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na leo ukienda Mtumba unaukuta Mji wa Serikali, wizara zimejipanga.

Sasa hesabu: kutoka uamuzi hadi wizara kuhama ni zaidi ya miaka 40. Mtoto aliyezaliwa siku ya uamuzi alikuwa na wajukuu au mvi, au vyote. Mimi ninapoandika hadithi ya kisayansi sihitaji chombo cha anga ili nipate watu wanaoishi ndani ya wakati ujao ambao haujafika. Nimekua nao. Ninachouliza katika kila kitabu ni kile kile: mtu mmoja amechora, ardhi imejibu nini?

Kile kitabu cha karanga: vifaru vya vita kugeuzwa matrekta ni kweli au umetunga?

Ni kweli, na hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa. Wengine mmeniita mwongo mbele ya watoto wenu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ikatumwa timu Tanganyika mwaka 1946, ikakaa wiki chache, ikaandika ripoti: yalimwe mamilioni ya ekari za karanga, Kongwa ikiwa ndio mwanzo, na maeneo mengine yawe Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo wakaokoteza mitambo iliyobaki vitani, na kampuni ya Vickers ikachukua vifaru aina ya Sherman, ikavua mizinga, ikavifanya matrekta. Vikaitwa Shervick. Ukitaka jina la mashine kwenye hadithi za kubuni, hulipati zuri kuliko hilo, na mimi sikulibuni.

Kisha Kongwa ikajibu. Mibuyu haing'oleki kirahisi, na mingine ina nyuki. Udongo una mfinyanzi na mchanga mkali. Wakati wa mvua unalimika, kiangazi kikianza unakauka na kuwa kama sakafu, na karanga ziko chini ya sakafu hiyo. Mchanga unakula meno ya majembe. Mvua yenyewe haitoshi na haina adabu: inanyesha siku moja yote, halafu inakukalia kimya wiki tatu. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi, makumi ya mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anapanda mtama, uwele na karanga kidogo za mboga. Kidogo. Hakuhitaji ripoti kujua kwa nini ni kidogo. Simsifii kupita kiasi, naye alikuwa na mambo yake ya ajabu kuhusu bundi, lakini katika mambo ya udongo wa Kongwa na Mpwapwa ningemwamini kuliko injinia yeyote wa wakati ule.

Nilichotunga ni kimoja tu: Shervick moja iliyobaki porini, inayoamka kila udongo ukikauka. Sehemu ile ya wapigania uhuru kukaa Kongwa si ya kutunga pia. Kuanzia miaka ya 1960 kambi zilikuwa pale, FRELIMO na ANC ya Afrika Kusini wakiwemo. Kwa hiyo ardhi moja, ndani ya miaka 20, imeona ndoto ya mafuta ya kula ikifa na ndoto ya kuikomboa kusini ikifanyiwa mazoezi. Kuna waandishi wa nchi nyingine wangelipa fedha kupata kijiji cha namna hiyo.

Kuna siku roketi itarushwa kutoka Dodoma?

Hapana, na si kwa sababu mnayoifikiria. Watu hudhani nitasema hatuna fedha. Fedha ni tatizo la pili.

Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Kwenye Ikweta uso wake unakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Dodoma, iliyo nyuzi 6 kusini, tunakwenda kama 1,660, tofauti isiyo na maana. Roketi inayotaka kuizunguka dunia inahitaji kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo ile 1,660 ni zawadi ya kuanzia, na ili uipokee lazima urushe kuelekea mashariki. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Roketi inadondosha vipande njiani: tangi likiisha linaachwa, linaanguka. Chora mstari kutoka Dodoma kwenda mashariki uone nani yuko chini yake. Kongwa, Gairo, Morogoro, Pwani. Unataka kumwelezea nani wa Gairo kwamba bati lake limetobolewa na maendeleo?

Ndiyo maana Waitaliano, walipotafuta mahali karibu na Ikweta, walisimamisha jukwaa lao la San Marco ndani ya bahari karibu na Malindi, Kenya. Mashariki yake ni maji matupu. Kutoka jukwaa lile, Desemba 12, 1970, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, kwa hiyo huwezi kuipima ukiwa ardhini hata ukipanda Kilimanjaro. Siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru, na msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaiita setilaiti Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kushuku kwamba kwenye chanzo kimoja, Cygnus X-1, kuna shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Wanafunzi wangu walikuwa hawaniamini kwamba moja ya setilaiti maarufu katika historia ya elimu ya nyota ina jina la Kiswahili.

Basi kwenye kitabu cha pili roketi inaruka kutoka Mafia, na waongozaji wake wamekaa Mtumba wanaangalia skrini. Wasomaji wa Dodoma mlionuna, endeleeni kununa. Fizikia haina ukabila.

Lakini mambo ya anga si ya Wazungu?

Muulize mzee yeyote wa Zanzibar aliyekuwa mtu mzima mwaka 1962. Wamarekani walikuwa na kituo Unguja cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 20, 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa katika mnyororo wa vituo vilivyokuwa vinamsikiliza. Kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Nimeliweka hili kwenye hadithi fupi ya binti anayewauzia mafundi wale vitumbua na kuanza kuelewa wanachokisema.

Nani walikutangulia kwa Kiswahili? Au wewe ndiye wa kwanza?

Wa kwanza kwa lipi? Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951: nchi inayoelea angani, inayotuma wajumbe pande zote sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, na kila anayerudi na habari njema anafungwa. Mnaisoma shuleni kama kitabu cha siasa, na ni cha siasa kweli, lakini mtu aliyeweka nchi nzima hewani hawezi kunyimwa kiti kwenye baraza letu. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi akatoa Walenisi, safari ya kwenda sayari nyingine yenye utaratibu tofauti wa maisha. Mimi nimekuta njia ina nyayo.

Kinachonikera ni wahakiki wanaosema fasihi ya kisayansi kwa Kiswahili "ndiyo kwanza inaanza". Inaanza tangu Tanganyika haijapata uhuru.

Tafadhali nitumie dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi kwa kitabu cha kwanza. Ni haraka, mtihani ni kesho.

Mwanangu, msimamo wa mwandishi ni kwamba usome kitabu. Si kinene na usiku ni mrefu.

Falsafa sijui kama ninayo. Mwalimu wako akisema ninayo, mwandikie anachotaka upate alama zako.

Riwaya mpya inahusu nini na itatoka lini?

Inahusu maji. Mswada uko kwa mhariri. Ukirudi na mistari myekundu michache itatoka kabla ya mvua zijazo, ikiwa mingi, baada yake.

Niseme kidogo bila kuharibu utamu. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Mji wenyewe hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Vina vya maji ya visima vile vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na watafiti walipoyapanga yale maandishi ya miongo yote wakaona kitu ambacho kwangu ni cha kusisimua kuliko safari ya Mwezini: hifadhi ile haijazwi kila mwaka. Mvua za kawaida zinanyesha, tunafurahi, mahindi yanaota, na chini hakiendi kitu cha maana. Kinachoijaza ni ile misimu ya nadra ya mvua kubwa mno, kama El Niño ya 1997/98. Yaani mvua ile iliyobomoa madaraja na kutusababishia hasara ndiyo iliyotuwekea akiba tuliyokunywa miaka iliyofuata.

Sasa chukua jiji hilo, liongezee watu, pita mbele miaka 70, na umpe mtu mmoja kazi ya kukaa kwenye chumba akisubiri El Niño. Kuna siku inakuja, na kuna watu wenye sababu nzuri kabisa za kutaka isije, maana wamejenga bondeni. Hapo nanyamaza.

Kwa nini wahusika wako wanakula mlenda kila sura?

Kwa sababu wana akili timamu. Mlenda mkavu ni mwepesi, haudai friji, na kijiko kimoja kinavimba kikajaza sufuria. Nitajie chakula bora cha kusafiri nacho kwenda Mirihi.

Mchungaji wetu anasema kuandika viumbe wa sayari nyingine ni kumkosoa Mungu. Unasemaje?

Mpe salamu zangu. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili. Aliyeipa sayari ya Mshtarii miezi zaidi ya 90 hakuniomba ushauri, na sidhani atachukia nikijiuliza ameweka nini huko.

Kuamini ni jambo jingine. Ushahidi wa viumbe hai nje ya Dunia haujapatikana. Na umbali unatisha. Nyota iliyo karibu nasi baada ya Jua iko miaka ya mwanga 4.2, yaani mwanga wenyewe unatumia miaka hiyo kufika, na chombo cha Voyager 1 kilichorushwa 1977, kwa mwendo wake, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kusafiri umbali huo. Ndiyo maana kwenye vitabu vyangu hakuna mgeni anayetua na kisahani kinachong'aa. Mtu hawezi kusafiri muda wote huo aje kumtisha mchunga mbuzi wa Bahi, halafu aondoke.

Ukiwa huandiki unafanya nini?

Naangalia nyota, nahangaika na mizabibu, na nasikiliza zeze. Nianze na nyota.

Dodoma ina bahati ya kiangazi kirefu. Juni hadi Agosti mawingu ni machache, baridi inauma, na ukitoka nje ya taa za mji, upande wa Hombolo kwa mfano, unaona Njia ya Maziwa imetandazwa. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta tunaona pande zote mbili: jioni za Mei unaweza kusimama sehemu moja, kusini ukauona Msalaba wa Kusini na kaskazini ukamwona Dubu Mkubwa akiwa chini chini. Watu wa London wanamwona mmoja tu. Huhitaji darubini ya bei. Ile ya macho mawili ya kuangalizia ndege, ukiegemeza viwiko ukutani isitetemeke, inakuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, vinukta vimejipanga mstari mmoja, na kesho yake vimebadilishana nafasi. Niliwaonyesha vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwetu. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo muda wote vilikuwepo?" Akabaki na darubini yangu hadi saa nne usiku, abiria wakipita.

Kilimia nacho, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kifuateni. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu ninachokiona ni kwamba Novemba, giza likiingia kinachomoza mashariki, na ndio wakati watu wanafyeka mashamba wakisubiri mvua ya Desemba.

Jambo moja fanyeni wenyewe, halina gharama. Siku za Oktoba 8 na 9 jua la mchana linapita utosini kabisa kwa Dodoma mjini. Simamisha bomba lililonyooka mahali tambarare, ulipime kwa timazi ya fundi mwashi. Kuanzia saa sita na robo kivuli kinafupika, kinafupika, na ikifika saa sita na dakika 24 hivi kinaingia chini ya bomba chote. Ndoo inakuwa na kivuli cha umbo la ndoo, mtu anakanyaga kivuli chake. Jambo hilo hutokea tena mwanzoni mwa Machi, lakini mawingu ya mvua huwa yanatunyima. Kwa nini dakika 24 na si saa sita kamili? Kwa sababu saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko karibu nyuzi 36; mengine muulize mwalimu wa jiografia, nimestaafu.

Mizabibu ninayo michache nyuma ya nyumba. Kwenye nchi za baridi mzabibu unalala wakati wa theluji, mkulima anasubiri uamke. Hapa haulali. Ukiupogoa ndipo unaanza msimu, kwa hiyo makasi ndiyo kalenda, na Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Divai sitengenezi. Zabibu nazigawana na ndege kwa mgawanyo ambao wao ndio wameuamua.

Zeze silijui kupiga, nasikiliza tu. Mwanamuziki Hukwe Zawose alizaliwa mkoa huu, akaja kuifikisha sauti ya Kigogo mbali sana akitokea Bagamoyo, na alifariki 2003. Ninapoandika sehemu za vyombo vya anga huwa naweka muziki wa aina hiyo, ilimba na sauti nyingi zikipandana. Injini za kwenye vitabu vyangu zinalia hivyo.

Ratiba yako ya kuandika ikoje?

Alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Kwa mkono, kwenye madaftari ya kaunta. Umeme ukikatika sina habari. Jioni nachapa kwenye kompyuta, na hapo ndipo luku ikiisha mnanisikia.

Unapanda SGR kwenda kumwona mhariri wako Dar?

Ndiyo, tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma 2024. Zamani basi lilikuwa linakula siku nzima. Sasa nakunywa chai nyumbani na kula mchana Dar. Kwa mtoto wa mtu wa reli ya kati, ile ya Wajerumani, mahandaki ya Kilosa yananitoa machozi. Treni inaingia mlimani kwa mwendo ambao baba angesema dereva amelewa. Ubaya wake ni mmoja, hutamaliza sura moja kabla hujafika.

Unatumia akili mnemba kuandika?

Kuandika, hapana. Niliiomba imwandike mama wa Kigogo akimkaribisha mkwewe wa kiume; ikampa hotuba ya ufunguzi wa semina. Yule mama hamtazami mkwewe usoni, anaongea na mlango. Hilo haliandikwi popote, unalijua kwa kukaa jikoni. Kwenye kukagua hesabu ya mizingo, njia za vyombo angani, nimewahi kuiuliza, halafu nikakokotoa mwenyewe kwa kalamu. Nyinyi vijana mnaoitumia sina ugomvi nanyi, ila mkiniletea mswada nitajua kwenye ukurasa wa kwanza.

Nimekuta kitabu chako kwenye kundi la WhatsApp bure. Nikisome?

Umeshakisoma, unaniuliza ili upate usingizi.

Nasema hivi. Mwanafunzi wa Chemba asiye na hela na asiye na maktaba, soma, Mungu akubariki. Wewe mwenye mshahara uliyekipiga picha ukurasa kwa ukurasa ukakisambaza, umevunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na uliukata ukurasa wenye hesabu ya mafuta, watu wakabaki hawaelewi kwa nini chombo kimegeuka. Hilo la pili ndilo lililoniuma. Mchapishaji mmoja wa zamani, simtaji, alinicheleweshea mrabaha kuliko nyinyi mlivyoniibia, kwa hiyo hasira yangu imegawanyika.

Nataka kuwa mwandishi. Utasoma mswada wangu?

Siwezi kuusoma wote, macho hayataki tena. Nawasomea kurasa kumi za kwanza vijana wa Dodoma, Singida na Manyoni wanaoniletea kwa mkono, zimechapwa, si kwa simu. Naandika pembeni kwa penseli na sipambi maneno.

Ila usisubiri mimi. Kuna Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014, ambayo inapokea hata miswada isiyochapishwa. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti yake vizuri, watu wanakatwa kwa idadi ya maneno kabla hadithi haijafunguliwa.

Na katika hadithi ya kisayansi, chagua uongo mmoja. Trekta linaamka: basi. Udongo ubaki udongo, mvua ibaki mvua, mafuta yaishe kama yanavyoisha. Wengi mnaoniletea kazi mna mizimu, roboti, wageni wa angani na mtoto wa rais ndani ya kurasa tano, na hakuna anayekwenda chooni.

Utakuja shuleni kwetu?

Nikialikwa na mkuu wa shule kwa barua, na usafiri ukiwepo, nakuja. Sidai posho kwa shule za kata. Nadai uwanja ulio wazi, ndoo, bomba na timazi.

Nitapataje vitabu nikiwa mkoani?

Nakala zinawekwa kwenye basi kama kifurushi, unalipia nauli ya mzigo unapoupokea stendi. Cha reli na cha Mirihi vipo. Cha karanga kimeisha na kinachapishwa upya chenye jalada jingine, kwa sababu lile la mwanzo lilikuwa na mnazi, na Kongwa hakuna mnazi.